Sumu ni ya Zebaki, Si ya Jirani

Katika vijiji vya machimbo ya dhahabu, tangu Kakola upande wa Kahama hadi Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa upande wa Geita, liko swali moja ambalo huulizwa kila mtu anapopatwa na ugonjwa usioeleweka. Swali lenyewe si kwamba mtu huyo anaugua nini, wala si kwamba atibiwe wapi. Swali ni hili: mbona yeye, na wenzake hawana kitu?

Wako wasomi wanaolicheka swali hili. Sisi hatulicheki, kwa kuwa ni swali la haki na huulizwa na watu wenye akili timamu walioona kwa macho yao. Vijana wawili wa tumbo moja wamefanya kazi kwenye mwalo mmoja kwa miaka kadhaa. Wameichanganya zebaki na mchanga ndani ya beseni moja, tena kwa mikono mitupu. Wameichoma dhahabu juu ya moto mmoja na kuuvuta mvuke mmoja. Siku zinapita, mmoja anaanza kutetemeka vidole, hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Usiku hapati usingizi, fizi zinavimba, mdomo umejaa mate yenye ladha ya chuma, na kijana aliyekuwa mcheshi amekuwa mtu wa haya, wa hasira na wa kusahau. Nduguye mzima wa afya, anaendelea na kazi. Sasa nani atakubali akiambiwa kuwa ni zebaki? Zebaki ilikuwa ya wote wawili! Inatafutwa basi sababu iliyo ya mgonjwa peke yake. Na katika sehemu zetu hizi, sababu ya namna hiyo imezoeleka kupatikana kwa bibi kizee mwenye macho mekundu.

Macho hayo, kila aliyewahi kuingia katika jiko la Msukuma anajua yanavyopata wekundu. Miti imekwisha, na mama wa watu amepika kwa miaka hamsini kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe, moshi ukimwingia machoni asubuhi na jioni. Huo ndio uchawi wake. Lakini kwa uchawi huo wamekatwa mapanga watu wengi mno. Mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyezichunguza hesabu za miaka ya 1970 hadi 1984, alionyesha kuwa watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake, na kwamba karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokea Usukumani.

Viongozi wetu hawakukaa kimya. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 dola ilitumia nguvu kuwasaka wauaji katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Nguvu hiyo ikapita kiasi, watu wakafa mikononi mwa vyombo vya usalama, na mwanzoni mwa 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika kwa jambo ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Taifa limemsifu kwa uungwana huo, na linastahili kumsifu. Hata hivyo mauaji hayakukoma. Nguvu iliweza kumkamata mwenye panga, haikuweza kulijibu swali lililompeleka mwenye panga kwa mganga wa ramli.

Swali hilo lina jibu. Si jibu la ramli, ni la maabara, na limekuwa likijengwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu ni kwamba miili ya wanadamu haina nguvu sawa ya kuitoa sumu, na tofauti hiyo sehemu yake huzaliwa nayo mtu, kama anavyozaliwa na kimo chake na umbo la pua yake.

Daktari mmoja wa Uingereza, Archibald Garrod, alikuwa wa kwanza kuliona jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1902 aliandika habari za watu ambao mkojo wao hugeuka mweusi ukikaa, akaonyesha kuwa hali hiyo hufuata ukoo, kisha akafikiri mbali zaidi: kwamba kila mtu ana kemia yake mwenyewe ndani ya mwili wake. Hapakuwa na mtu aliyemsikiliza sana zama zile. Mwaka 1961 watafiti wa London wakakuta ndani ya ini la panya kimeng'enya kinachofunga sumu na kitu kiitwacho glutathioni. Vimeng'enya ni vile vitendakazi vidogo vya mwili ambavyo huharakisha kila badiliko ndani yetu, kuanzia kumeng'enya ugali hadi kuponya kidonda. Glutathioni nayo tuifananishe na kamba. Sumu inayozagaa ndani ya damu ni mzigo usiobebeka. Ikifungwa kamba hubebeka, nayo huchukuliwa na nyongo au na figo ikatupwa nje. Kimeng'enya hiki ndicho mchukuzi anayefunga mizigo.

Wachukuzi hawa si mmoja, ni kundi zima, na kila mmoja hutengenezwa kwa maagizo ya jeni yake. Jeni ni maandishi ya urithi ambayo kila mtu amepewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Miongoni mwao iko moja ambayo wataalamu wameipa jina la herufi, GSTM1, na nyingine GSTT1. La ajabu ni kwamba kwa watu wengi maandishi hayo hayapo kabisa. Hayakukosewa wala hayakufutika nusu: ukurasa mzima umechanika, na ikiwa umechanika katika nakala zote mbili, mchukuzi huyo hatengenezwi siku zote za maisha ya mtu. Katika Ulaya karibu nusu ya watu hawana GSTM1. Kwetu Afrika uchunguzi mwingi unaonyesha kiasi cha robo hadi theluthi. Yaani katika wachimbaji mia mnaowaona pale Rwamagasa asubuhi, huenda ishirini na tano au thelathini hawana mchukuzi huyo, nao wala hawajui. Si ugonjwa huo, si kilema, si laana ya mizimu. Mtu anaweza kuishi miaka tisini hivyo hivyo bila kuhisi lolote, maana wachukuzi wengine humsaidia. Upungufu huonekana mzigo unapozidi.

Na mzigo wa zebaki ni mzito. Mvuke wake mtu akiuvuta, karibu sehemu nne katika tano za zebaki hiyo hubaki mwilini. Hupenya haraka hadi kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito hupenya hadi kwa mtoto. Mwili hujitahidi kuigeuza kwa kimeng'enya kingine, katalesi, lakini hapa kuna jambo la kusikitisha: katalesi inapofanya kazi hiyo ndani ya ubongo, zebaki iliyogeuzwa hushindwa kutoka ilimoingia. Ulinzi umegeuka kufuli. Sehemu kubwa ya iliyobaki hukusanyika kwenye figo, nayo nusu yake tu ndiyo hutoka katika muda wa miezi miwili hivi, endapo mtu hatavuta nyingine. Ilhali mchomaji huvuta nyingine kesho yake.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mradi wa kimataifa wa zebaki, uliosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda kuanzia 2002, uliichagua Rwamagasa kuwa kituo chake katika Tanzania. Matokeo ya upimaji wa afya yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa kati ya wachomaji wa dhahabu waliopimwa, kiasi cha robo walikuwa tayari wamepata ugonjwa wa zebaki, wakilinganishwa na watu wa Katoro ambako kazi hiyo haikufanyika. Robo! Ofisa atakayesoma tarakimu hiyo kwa haraka atasema robo tatu walikuwa salama. Sisi tunaisoma namna nyingine. Wote walichoma, na bado mwili wa mmoja ulielemewa kabla ya mwili wa mwenzake. Ndilo swali la kijijini lenyewe, safari hii limeandikwa kwa tarakimu.

Bila shaka sababu za tofauti hiyo ni nyingi. Yuko anayechoma mara moja kwa juma na anayechoma mara kumi kwa siku; yuko anayechomea uwanjani penye upepo na anayechomea ndani ya nyumba anamolala na watoto. Lakini hata hayo yakiondolewa, urithi unabaki. Mwaka 2005 watafiti waliowapima wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wa Ekuado walikuta kuwa wenye namna fulani ya jeni ya kutengeneza ile kamba, yaani glutathioni, walibaki na zebaki nyingi zaidi mwilini. Wanafunzi wa Austria waliopimwa, habari zao zikachapishwa 2007, walionyesha kuwa waliokosa GSTM1 na GSTT1 kwa pamoja walikuwa na zebaki zaidi katika nywele. Na mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa watu 1,017 kutoka maeneo ya machimbo ya Indonesia, Ufilipino, Zimbabwe na Tanzania yetu, ukionyesha kuwa jeni za milango inayopitisha zebaki mwilini nazo hubadili kiasi kinachotoka katika mkojo. Kwa hiyo damu ya wachimbaji wa nchi hii imekwisha toa ushahidi wake mbele ya ulimwengu. Waliotoa damu hiyo ndio ambao hawajaelezwa ilisema nini.

Habari za kimeng'enya hiki hazikomei kwenye zebaki. Mtu asiye na GSTM1 ana hatari ya saratani ya kibofu cha mkojo iliyo kubwa kwa kiasi cha mara moja na nusu kuliko mwenzake, na mkoa kama Shinyanga, wenye kichocho cha mkojo ambacho nacho huleta saratani hiyo, una sababu ya kulitilia maanani jambo hilo. Watafiti waliowapima watu wa Ghana na China walionyesha mwaka 1995 kuwa upungufu katika jeni za namna hii humwacha mtu wazi zaidi kwa sumukuvu ya mahindi na karanga. Sumukuvu ile ile iliua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wasidhani kuwa haya ni ya watu wa nchi kavu peke yao. Vijana wao wanaziacha nyavu na kwenda kwenye maduara, na tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi mwaka 2025 njia imekuwa nyepesi zaidi. Wanaporudi wameugua, swali la machimbo hurudi nao kisiwani. Aidha kuna hofu ya samaki, nayo tungependa kuisema kwa haki. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 1990 kwa samaki wa Ziwa Viktoria vilionyesha zebaki kidogo, chini ya kiwango kinachozuiwa kimataifa. Samaki wa vijito vinavyopokea maji ya mialo ni habari nyingine, na hao wapimwe. Lakini kumkataza mwana wa kisiwa asile sangara au sato kwa sababu ya Geita ni kumwongezea njaa bila kumpunguzia sumu.

Yuko Mjapani mmoja, Daktari Masazumi Harada, aliyekuja kwetu kati ya 1996 na 1997 kupima nywele za wachimbaji 150, wavuvi na jamaa zao 103, na wakazi 19 wa mji wa Mwanza. Harada hakuwa mgeni wa zebaki: alitumia maisha yake akiwatazama wagonjwa wa Minamata, ghuba ya wavuvi iliyotiwa sumu na kiwanda, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Kwetu alikuta baadhi ya wavuvi na watu wa mjini wana zebaki nyingi kupita kiasi, ingawa hawakuwahi kukanyaga mwalo. Si samaki waliokuwa na lawama. Ilikuwa sabuni ya kuogea, ile ya kung'arisha ngozi, iliyotiwa zebaki. Tunawaachia akina mama na akina dada wa visiwani walitafakari hilo, na maofisa wa forodha pia.

Tumeitaja Minamata kwa sababu nyingine. Wajapani wale ni watu wa viwanda na shule, lakini ugonjwa ulipoanza, na ulipompiga huyu na kumwacha yule, majirani waliwakimbia wagonjwa wakidhani wanaambukiza; familia zikatengwa, watoto wakanyanyapaliwa. Basi si Msukuma peke yake ambaye, asipopewa sababu ya kweli, hujitafutia nyingine. Usukumani sababu hiyo imevaa khanga na kushika mkongojo.

Machimboni ujinga huu umezaa jambo baya zaidi, maana huko mganga haulizwi habari za ugonjwa tu, huulizwa na habari za bahati. Tangu miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino wameuawa katika Kanda ya Ziwa kwa uongo kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Ualbino nao ni habari ya jeni: maandishi ya kutengeneza rangi ya ngozi yamekosewa katika nakala ya baba na ya mama. Mtu aliyeelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa ni vigumu kumuuzia kiganja cha binadamu.

Sasa tunazungumza na wenye ofisi. Elimu ya jeni ina hatari zake ikishikwa vibaya. Atatokea mwenye mgodi atakayesema: vema, tuwapime vijana wote, wasio na GSTM1 tuwafukuze, waliobaki wachome bila kinga. La hasha! Kwanza, jeni si hirizi. Mwenye wachukuzi wote naye huugua mzigo ukizidi; wakati wake tu ndio huchelewa. Pili, tofauti za urithi ni nyingi mno, na hakuna kipimo kimoja kinachoweza kumwambia mtu fulani kuwa yeye yu salama. Tatu, kumfukuza maskini kwa kosa la kuzaliwa, badala ya kuiondoa sumu iliyoletwa na mwenye mtaji, ni dhuluma ambayo nchi hii haiwezi kuikubali. Wataalamu wa sumu wanapoweka viwango huvigawa kwa kumi, makusudi kabisa, ili kumlinda mwenye mwili dhaifu kuliko wote. Kanuni inayomlinda dhaifu humlinda na mwenye nguvu, kinyume chake si kweli.

Dawa ya zebaki inajulikana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka yakomeshwe mambo mahususi: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuyachuja, kuchoma hadharani bila kifaa, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki. Kifaa cha kuchomea kilichofungwa, retoti, hukamata sehemu kubwa sana ya mvuke na kuirudisha zebaki chupani, ikatumika tena. Serikali ilijenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, ambayo ndiyo hiyo Rwamagasa kwa tahajia nyingine, na Katente huko Bukombe, vinavyochenjua dhahabu bila zebaki. Kwa nini basi moto wa mialoni ungali unawaka? Kwa sababu mchimbaji hudaiwa. Anayemkopesha zebaki ndiye anayenunua dhahabu yake, naye anaitaka leo jioni. Kijana hana subira ya kwenda kupanga foleni kituoni, na dhahabu asiyoiona ikiiva kwa macho yake haamini kuwa ataipata yote. Maofisa wa madini wanalijua hili vema kuliko sisi. Wasitoe amri ya kupiga marufuku mialo huku wameuacha mnyororo wa deni mahali pake.

Yabaki yale ya elimu, ambayo gharama yake ni ndogo. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi watu walivyokusanyika kwa vikundi kuisikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hatuoni kwa nini kampeni ya namna hiyo isifanyike mialoni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ikieleza kwa nini ndugu wawili hutofautiana mbele ya sumu moja. Waganga wa zahanati wafundishwe kuzitambua dalili za zebaki, kwani kijana anayetetemeka akiambiwa ana malaria leo na homa ya matumbo kesho, siku ya tatu hatarudi zahanati, atakwenda kwa mpiga ramli. Mama mjamzito aondolewe kwenye mvuke kabla ya wote. Watendaji wa vijiji, wanapopokea habari ya ugonjwa wa ghafla machimboni, waulize kwanza mgonjwa alikuwa akichomea wapi.

Halmashauri za Geita, Bukombe, Mbogwe, Kahama na Msalala hupanga makadirio yao kila mwaka, na tunaomba makadirio yajayo yawe na fungu la kupima zebaki katika mkojo wa wachomaji, hapa hapa kandani. Majibu yarudi kwa mpimwa kabla hayajakwenda kokote, yasomwe mbele ya jamaa yake, na bibi wa nyumba ya jirani awepo anasikiliza.